Bei ya Pointi Moja

Hotuba kwa viongozi wapya wa vijiwe vya bodaboda, Ngamiani, Tanga

Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wagosi wa Kaya, watu wa Coastal Union, hamjambo? Na Kimanumanu nanyi, watu wa African Sports, maana nawaona mmekaa upande ule mmenuna, hamjambo?

Mwenyekiti amesema nimekuja kutoa mada ya uongozi. Mada sina. Mimi ni fundi pikipiki, gereji yangu ipo Makorora, na humu ndani nawaona watu wanne wenye deni langu. Simtaji mtu, ila mmoja amevaa fulana nyekundu. (Kicheko.) Nilipoambiwa kuna vijana wamechaguliwa kuongoza vijiwe, watu ambao mwezi uliopita walikuwa wanapakia abiria kama wenzao na leo wameshika daftari, nilijiuliza nina nini cha kuwaambia wasichokijua. Kuendesha mnajua kuliko mimi. Nikakumbuka kwamba ujanani nilikaa miaka sita na watu ambao maisha yao yote yalikuwa na kazi mbili tu: kuendesha pikipiki, na mwili ukishakataa, kuwaongoza wanaoendesha pikipiki. Kazi ya pili iliwashinda wengi waliokuwa hodari katika ya kwanza. Habari zao ndizo nilizokuja nazo.

Nilikuwa baharia. Bei ya mkonge ilipoanguka, kijana wa Tanga asiye na shamba alishuka bandarini kutazama meli. Mimi nikapata kazi ya chumba cha mashine, kupaka mafuta mahali pakavu na kufuta mafuta mahali palipolowa. Mwaka 1979 nikajikuta Hull, mashariki ya Uingereza. Ukitaka kuielewa Hull, ichukue Tanga uitie kwenye friji: bandari, samaki, baiskeli, na watu wanaoamini kwamba serikali inaipendelea miji mingine. Nilizoea upesi.

Jioni moja kuli wa bandarini akaniambia twende uwanjani ukaone pikipiki. Uwanja ukiitwa Boulevard, ni wa raga, na kuzunguka kiwanja cha raga walikuwa wametandaza njia ya kifusi, mawe laini yaliyosagwa. Kilichonipokea mlangoni ni harufu. Mafuta ya nyonyo! Yale yale aliyotunywesha bibi kwa nguvu, mmoja amekushika miguu, mwingine amekubana pua. Injini zile zinatumia methanoli badala ya petroli, na mafuta yake ya kulainishia yalikuwa ya nyonyo, kwa hiyo moshi wake ukanirudisha moja kwa moja nyumbani kwa bibi yangu Chumbageni. Nimesimama kwenye baridi ya Ulaya, machozi yananitoka, kuli anadhani ni moshi.

Mchezo unaitwa spidiwei. Wanasema ulianza kushika kasi Australia, mji wa West Maitland, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, Desemba 1923, na mwaka 1928 ukaingia Uingereza ukawa wazimu wa taifa zima. Pikipiki yenyewe sasa, kaeni vizuri. Injini ya cc 500, pistoni moja. Gia moja. Breki haina. Sisemi breki mbovu, hiyo mnaijua. Haina kabisa, mbele wala nyuma. Wanapanga mstari watu wanne, mbele yao umekingwa utepe, injini zinalia mpaka meno yanawasha. Utepe unaruka juu, wanaachia klachi, na wote wanne wanataka kufika kona moja kwa wakati mmoja. Wanazunguka mkono wa kushoto, raundi nne, muda wake kama dakika moja, yamekwisha. Kwenye kona hawapindi kama sisi. Gurudumu la nyuma linaserereka, la mbele linatazama kulia, na mtu anakwenda kushoto. Mguu wa kushoto umevalishwa chuma chini ya kiatu, unaburutwa ardhini. Mkononi amefungwa kamba inayozima injini, ili akianguka pikipiki isiendelee na safari peke yake.

Najua mnachowaza. Wapo vijana wanaolaza pikipiki jioni barabara ya Raskazone wakifikiri wanatazamwa na wasichana. Kule kuna kifusi, hakuna gari linalokuja mbele, na gari la wagonjwa limesimama injini inanguruma. Pikipiki yako wewe ina breki. Kama haina, nipo Makorora mpaka magharibi.

Turudi. Hull wakati ule walikuwa na mtu anayeitwa Ivan Mauger, wa New Zealand. Huyu alitua Uingereza mara ya kwanza mwaka 1957, ana miaka 17 na tayari ana mke. Timu ya Wimbledon ikamtazama, ikampa nafasi chache, mambo hayakwenda, akarudi kwao. Alirudi tena Uingereza mwaka 1963, timu ya Newcastle, na safari hii hakuuliza mtu. Akawa bingwa wa dunia 1968, 1969 na 1970, mtu wa kwanza kuchukua mara tatu mfululizo. Wamarekani wawili walikuwa wamemwahidi kwamba akifanya hivyo wataipaka pikipiki yake dhahabu. Akafanya, wakaipaka. Akaongeza 1972 na 1977. Na mwaka ule wa 1979 niliokuwa mimi Hull, akaenda Chorzów, Poland, anakaribia miaka 40, akachukua la sita.

Kwa hiyo mimi mgeni nikadhani nimeuelewa mchezo. Kumbe nilikuwa namtazama mtu mmoja katika mchezo wa watu kumi na wanne.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, naomba aliyeshika simu aiweke. Ubingwa wa dunia ni wa mtu mmoja, lakini mkate wa kila wiki wa dereva wa spidiwei unatoka kwenye ligi, na ligi ni ya timu. Timu ina watu saba. Siku hizi mechi ina mikupuo 15, yaani mbio 15 za raundi nne nne, na kila mkupuo wanatoka wawili wa timu hii na wawili wa timu ile. Wa kwanza anapata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho sifuri. Sasa nipigieni hesabu. Bingwa wako ametoka kama risasi, uwanja mzima umesimama, amepata tatu. Mwenzake amekuwa wa mwisho. Wale wawili wa wageni, wa pili na wa tatu, wamepata mbili na moja. Ngapi kwa ngapi?

(Sauti: "Tatu kwa tatu!")

Tatu kwa tatu. Mmeshangilia bure. Mlichokishangilia hakikuwapa hata senti.

Tuendelee. Mikupuo 15, kila mmoja una pointi sita, jumla 90. Ili ushinde unahitaji 46. Bingwa wako akitoka mara tano na kushinda zote tano, ambayo ni kazi ya malaika, amekuletea 15. Zimebaki 31. Nani analeta 31? Wale sita ambao jina lao hata wenye tiketi hawalikumbuki. Na katika hizo 31, nyingi zinaokotwa moja moja, nyuma kabisa, kwenye vumbi, baina ya mtu wa tatu na mtu wa nne, mahali ambapo hakuna anayepatazama. Mtu akimpita mwenzie kule nyuma, tatu kwa tatu inageuka nne kwa mbili. Mechi imegeuka na nusu ya uwanja haikuona.

Mimi nililiona hilo baada ya kuanza kuosha pikipiki. Nilipoteremka meli moja kwa moja nikapata kibarua kwenye timu ndogo, mji mwingine, daraja la chini. Nilikuwa namwoshea dereva mmoja kati ya mkupuo na mkupuo: unakwangua kifusi, unatazama cheni, unajaza methanoli, unabadilisha sproketi akisema njia imekuwa nzito au imekauka. Jina lake nalihifadhi, yeye si mtu maarufu na familia yake ipo. Nitamwita Penseli, mtaona kwa nini.

Penseli hakuwa bingwa wa kitu chochote. Alikuwa mtu wa nafasi ya tatu. Miaka kumi na moja aliendesha, akavunjika mfupa wa bega mara mbili na kiganja mara moja, na kazi yake ilikuwa kuokota pointi moja moja. Mnajua namna wanavyolipwa wale? Kwa pointi. Pikipiki ni yako, tairi lako, methanoli yako, fundi wako, petroli ya gari la kubebea pikipiki yako. Ukirudi na sifuri, gharama ziko pale pale. Hapa Ngamiani sihitaji kueleza zaidi. Kijana mwenye pikipiki ya tajiri, jioni anadaiwa hesabu ya elfu nane, na mpaka saa tisa ana elfu tatu mfukoni, huyo anamjua Penseli bila kufika Ulaya.

Nilimwona usiku mmoja amepata sifuri, sifuri, moja, sifuri. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu mkononi, anahesabu kwa vidole. Nikafikiri anahesabu madeni. Akaniambia, ile moja ndiyo tuliyoshinda nayo. Nikatazama ubao: tumeshinda kwa mbili, na ile moja ingekwenda kwa wageni ingekuwa sare. Bingwa wetu alikuwa anabebwa juu juu na watoto wanataka saini yake. Penseli akasimama, akaigeuza ndoo, akaanza kuosha pikipiki yake mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa nimesahau kazi, namwangalia.

Bega la pili lilipovunjika daktari akasema basi. Timu ikamwomba awe meneja.

Kazi ya meneja wa spidiwei ni ya ajabu kwa mtu aliyezoea kushika akseleta. Mkononi una karatasi na penseli. Ndiyo hiyo. Unapanga nani atoke na nani, nani aanzie mlango wa ndani, yaani nafasi ya ndani kwenye utepe, na nani wa nje. Una watu wawili wa akiba. Mtu akiumia unagawa mikupuo yake kwa wenzake. Timu ikiachwa nyuma kwa idadi fulani ya pointi, sheria inakuruhusu kumtoa anayesuasua na kumwingiza aliyechangamka. Na kwenye mkupuo wa 15, wa mwisho, unachagua mwenyewe watu wawili wa kutoka. Hayo tu. Utepe ukiruka, huna la kufanya tena kwa dakika nzima.

Na dakika hiyo ndiyo iliyomtesa. Mwaka wa kwanza alikuwa meneja mbaya, tuseme kweli. Alikuwa bado dereva. Kijana akirudi uani kwa mafundi amekosa, Penseli anamfokea kabla hajavua kofia: ungekata ndani, ungesubiri kona ya tatu, mimi ningefanya hivi. Mara nyingine anampokonya pikipiki, anaiwasha, anasikiliza injini, anaanza kubadilisha sproketi kwa mikono yake mwenyewe, na fundi wa kijana amesimama pembeni kama mpangaji asiyelipa kodi. Siku moja kijana mmoja, mtulivu sana, akavua glavu akamkabidhi. Akamwambia, "Endesha wewe." Wala hakusema kwa hasira. Uani pote pakawa kimya, unasikia maji yanadondoka kwenye ndoo.

Ninyi mliochaguliwa, hizo glavu mtakabidhiwa. Mwenyekiti wa kijiwe ambaye bado anagombea abiria na wanachama wake, na akikosa anatumia cheo kuwapangia njia, asishangae.

Penseli alizichukua glavu, akazitazama, akamrudishia. Tangu siku ile akaanza kuweka penseli sikioni na mikono mfukoni.

Sasa niruke, maana chai inapoa. Mimi nilirudi Tanga, nikafungua gereji, na mwaka 2001 nikapata nafasi ya kwenda tena kule kwa wiki mbili. Nikamkuta mvi zimejaa, bado meneja, timu nyingine. Usiku ule mechi ilikuwa 42 kwa 42 baada ya mikupuo 14. Umebaki mmoja. Tatu kwa tatu ni sare. Nne kwa mbili ni ushindi.

Kila mtu alijua atakaowatoa. Alikuwa na mtu wake mkubwa, huyo hana mjadala, na mtu wa pili kwa ukubwa, aliyekuwa na pointi tisa usiku ule. Penseli akaandika jina la yule mkubwa. Kisha akatulia. Akasogea ukingoni mwa uzio, akainama, akachota kifusi mkononi akakifinya, kama mama anavyoonja unga wa ugali. Akarudi, akaandika jina la kijana wa akiba.

Yule wa pointi tisa akatupa kofia. Mwenye timu akaja mbio, tai imegeukia mgongoni. Penseli akawaambia kwa ufupi sana, nami nilikuwa karibu nikasikia: wageni wana mtu mmoja mzuri, mwingine amechoka, na upande wa nje wa njia umekusanya kifusi kizito usiku kucha. Simhitaji mtu wa kushinda, huyo ninaye. Namhitaji mtu anayejua kuwa wa tatu.

Utepe ukaruka. Mkubwa wetu akatoka mbele. Mgeni mzuri akawa wa pili. Na nyuma yao, kijana wa akiba ni wa mwisho. Raundi ya kwanza wa mwisho, ya pili wa mwisho. Uwanja wote unamtazama aliye mbele. Nikamgeukia Penseli. Yeye hakuwa anamtazama aliye mbele hata kidogo. Macho yake yako nyuma, na mkono wake wa kulia, ulio juu ya uzio, ulikuwa unazungusha akseleta ambayo haipo. Taratibu, anafungua, anabana, anafungua. Mguu wa kushoto nao umenyooka kidogo, kisigino kinakwaruza saruji. Miaka zaidi ya kumi na tano tangu aache kuendesha, na mwili haujaambiwa.

Raundi ya nne, kona ya mwisho, kijana akaenda nje kabisa, kule kwenye kifusi kizito, tairi likauma, akampita mgeni aliyechoka kwa urefu wa gurudumu. Nne kwa mbili. 46 kwa 44.

Watu wakamkimbilia mshindi. Penseli akatembea, hakukimbia, akaenda kumshikia kijana wa akiba pikipiki ili ashuke.

Sasa, msidhani nawasimulia hadithi ya mtu mmoja wa kijijini. Tazameni waliofaulu sana katika kazi hiyo. Poland wana mzee anaitwa Marek Cieślak. Aliendesha vizuri kwa timu ya Częstochowa, akachukua ubingwa wa ligi ya kwao mwaka 1974 na wa ligi ya Uingereza mwaka 1977 na White City ya London. Ubingwa wa dunia wa mtu mmoja hakuupata. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 2007, Poland ikachukua Kombe la Dunia mwaka huo huo, kisha 2009, 2010, 2011, 2013, 2016 na 2017. Saba. Hayo ni makombe ya timu, yanayookotwa moja moja.

Uingereza kuna Neil Middleditch, dereva wa Poole na mtoto wa dereva, hakuwa bingwa wa dunia, akaja kuwa meneja wa Poole iliyochukua ligi 2003 na 2004. Huyo huyo alikuwa na timu ya taifa ya Uingereza kwenye fainali ya Kombe la Dunia Agosti 2004, tena Poole, nyumbani kwake, uwanja anaoujua kila kokoto. Sweden 49, Uingereza 48. Pointi moja, wagosi. Ile ile. Tafuteni katika mikupuo ya usiku ule ni mara ngapi mtu mmoja alikuwa wa nne badala ya wa tatu, kisha mniambie ina bei gani.

Sisemi mabingwa hawawezi. Ole Olsen wa Denmark alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, na hakungoja uzee: mwaka 1975 akafungua uwanja wake kule Vojens, na kizazi cha Wadenmark kilichofuata kikaitawala miaka ya themanini. Baadaye mashindano ya dunia yalipogeuzwa kuwa ya miji mingi kuanzia 1995, yeye ndiye akawa msimamizi wake kwa miaka mingi. Walifika hadi kumwaga kifusi ndani ya viwanja vya mpira, wanajenga njia ya siku chache kisha wanaizoa, kama ilivyofanyika Cardiff mwaka 2001. Nikiwaza malori ya kifusi yanaingia Mkwakwani nalala nikicheka. Coastal wangeandamana.

Na yupo Erik Gundersen, naye Mdenmark, bingwa 1984, 1985 na 1988. Mwaka 1989, fainali ya dunia ya timu, Bradford, mkupuo wa kwanza kabisa, kona ya kwanza, wakagongana. Aliumia shingo vibaya, ikadhaniwa hataishi. Akaishi. Akajifunza kutembea upya kama mtoto, na miaka ilipopita akawa meneja wa timu ya taifa yake. Huyu simweki pamoja na mabingwa wengine. Mtu aliyewahi kulala kitandani akijaribu kusogeza kidole gumba, akafurahi kimesogea, huyo pointi moja ameijua kwa njia ambayo hakuna kati yetu anayetaka kuipitia.

Nimebakiza langu mwenyewe, nalo si la kujivunia. Niliporudi hapa nikachaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha mafundi, tunachanga kila wiki. Nikadhani nimejifunza kwa Penseli. Kila kikao nasoma majina ya waliochanga zaidi, tunawapigia makofi. Kulikuwa na kijana mmoja anachanga kidogo, kisha akakosa wiki moja, akakosa ya pili, ya tatu. Nikamtania mbele za watu. Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Wiki iliyofuata hakuja. Nikamtuma mtu, akarudi kuniambia kijana ameuza spana zake zote, anasukuma mkokoteni sokoni. Alikuwa na mgonjwa hospitali ya Bombo muda wote ule na mimi nilikuwa nasoma majina ya juu. Nilikuwa namtazama mshindi, kama wale wa Hull.

Kijiwe hakivunjwi na dereva bora. Dereva bora ana wateja wake wa simu, ana pikipiki yake, mvua ikinyesha anakwenda kulala. Kijiwe kinavunjwa na yule ambaye saa tano asubuhi wenzake wameshatoka mara sita, yeye mara mbili, na pikipiki ni ya mtu. Huyo ndiye atakayeacha foleni akavizie abiria kona ya pili. Ndiye atakayebeba watatu. Ndiye atakayepokea mzigo wa usiku ambao wote mmeukataa, na asubuhi mnaitwa kituoni mkatambue pikipiki. Mnamwita mkorofi. Inawezekana ni mkorofi kweli, wapo. Lakini kabla hujamwandikia faini, mtazame ana sifuri ngapi mfululizo.

Namna ya kumsaidia siwezi kuwaambia kutoka hapa mbele. Kila kijiwe na kifusi chake, mwenyekiti ainame mwenyewe akifinye. Wa sokoni si wa hospitali, wa hospitali si wa stendi. Pengine ni zamu ya kwanza ya alfajiri apewe yeye. Pengine ni kumpatanisha na tajiri wake. Pengine hana tatizo la zamu, ana tatizo la plagi, pikipiki inazimika, abiria wanamkimbia, na anaona aibu kusema. La plagi mleteni kwangu, na hilo la kwanza silitozi.

Chai imeshafika, nawaona macho yanakwenda mlangoni. Kabla ya chai, mwenye daftari la kijiwe cha Kange yupo? Wewe. Lete hapa mezani. Hapana, usinifungulie ukurasa wa mbele, hao nawajua. Nisomee jina la mwisho, na uniambie jana alitoka mara ngapi.